Michezo ya Telefone: Ni Ugonjwa ao Tunaisingizia?



Hapa dispanseri juma halipiti bila mzazi kuniambia: «Mtoto huyu hana akili tena, telefone imemwingia kichwani kama bangi.» Mabibi wa wafanyakazi wanasema vilevile juu ya mabwana zao. Wengine wanauliza kama tuna dawa ya kumtoa mtu katika michezo ya telefone na ya televizyo. Leo tujibu ulizo hilo. Je, michezo hii inamkamata mtu kweli kama pombe, ao tunaitwika makosa ya wengine?

Hofu ya zamani

Malalamiko haya si ya leo. Mwaka 1978 Wajapani walitoa mchezo uitwao Space Invaders, wa kupiga risasi maadui wanaoshuka kutoka juu ya kioo. Ulienea upesi katika nchi nyingi. Mwaka 1981 mbunge mmoja wa Uingereza, George Foulkes, aliomba sheria ya kuidhibiti michezo ya namna hiyo, akisema vijana wanaacha masomo na kuiba pesa ili wacheze. Wabunge walipiga kura, wakaikataa. Vijana wa siku zile leo ni mababu. Wengi wao walicheza, wakachoka, wakaenda kufanya kazi zao.

Basi tusiwe wepesi kulaumu. Lakini tusiwe wepesi pia kusema kwamba hakuna hatari.

Waganga wanasema nini?

Mwaka 1998 waganga wa London walipima ubongo wa watu waliokuwa wakicheza mchezo wa video. Waliona ubongo unatoa kwa wingi kitu kinachoitwa dopamini. Hicho ndicho kinachomsukuma mtu kurudia jambo lililompendeza. Watu wengi waliposikia hivyo walisema: «Mmeona? Ni kama dawa ya kulevya!» Lakini dopamini hupanda pia mtu anapokula chakula kitamu ao kusikiliza muziki anaoupenda. Kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitoshi kuuhukumu mchezo.

Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa michezo ya video katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyokubaliwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Dalili zake ni tatu:

1. Mtu hawezi tena kujizuia: aanze saa ngapi, aache saa ngapi.
2. Mchezo unapita mambo yote: chakula, kazi, masomo, jamaa.
3. Anaendelea hata akiona unamharibia maisha.

Tena dalili hizo ziwe zimeharibu kweli kazi, masomo ao nyumba yake, na kwa kawaida ziwe zimeonekana kwa muda wa miezi 12. Kucheza sana wakati wa likizo si ugonjwa.

Si waganga wote waliokubali. Mwaka 2017 wataalamu zaidi ya ishirini waliandika kupinga. Waliogopa kwamba watoto wazima wataitwa wagonjwa, na kwamba mara nyingi mtu anayezama katika mchezo anakimbia matata mengine. Mwaka huohuo uchunguzi uliofanywa Marekani, Uingereza, Kanada na Ujerumani ulionyesha kwamba wenye dalili za ugonjwa huu hawakupita mtu mmoja katika watu 100.

Kwa hiyo jibu ni hili: ugonjwa upo, lakini wagonjwa ni wachache. Wengi tunaowalaumu wana shida nyingine, na tukilaumu telefone peke yake, shida ile inabaki palepale. Nitawaeleza watu watatu niliowaona mimi mwenyewe.

Mtoto aliyesogea karibu na kioo

Mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka kumi na moja. Masomo yalikuwa yameanguka, kichwa kilimwuma kila jioni, na kutwa nzima alikaa na mchezo, kioo karibu kugusa pua. Baba yake alikuwa amekwisha kumpiga mara mbili. Mimi pia nilikosea: nilimwambia mama aifiche telefone, nikawarudisha nyumbani.

Walirudi baada ya mwezi, kichwa bado kinauma. Hapo ndipo nilipomsimamisha mtoto mbele ya karatasi ya herufi iliyo ukutani. Hakuweza kusoma hata mstari wa tatu. Ubaoni alikuwa haoni kitu, na mwalimu alidhani ni mvivu. Katika telefone aliona vizuri kwa sababu iko karibu, na huko hakuna aliyemcheka. Leo ana miwani, anasoma, na siku ya Mungu bado anacheza. Sisi watu wazima watatu tulilaumu telefone, na hakuna aliyepima macho.

Dereva asiyekunywa pombe

Wa pili ni dereva wa kamyo kubwa. Aliletwa na jeraha la bega, saa kumi na moja alfajiri, mwisho wa zamu ya usiku. Kamyo ilikuwa imepanda tuta la udongo kando ya njia. Nilimwuliza kama alikunywa bia, akakasirika: hanywi hata tone. Tulihesabu pamoja. Mchana ule, badala ya kulala, alicheza mpira wa telefone na jirani zake. Alikuwa hajafumba macho tangu saa moja ya asubuhi ya jana yake: saa 22.

Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi vibaya sawasawa na mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika lita moja ya damu. Katika nchi nyingi, kipimo hicho ndicho mwisho wa kuruhusiwa kuendesha gari. Dereva wetu alikwisha kupita pale.

Alikuwa mgonjwa wa michezo? Hapana. Alinieleza kwamba mchana watoto wanapiga kelele, bati linachoma, usingizi haumpati, basi anachukua telefone. Mchezo ulikula usingizi, lakini kelele na joto ndivyo vilivyoufungulia mlango. Tulimwita bibi yake, tukapanga pamoja saa za kulala, pazia zito dirishani, na watoto kwa shangazi hadi saa nane. Tangu hapo analala.

Kijana aliyekamatwa kweli

Wa tatu alikuwa na dalili zote. Zaidi ya mwaka alicheza usiku kucha, akafukuzwa kazi, akaacha kuoga, akauza redio ya mama yake. Mchezo wake ulikuwa wa kuweka pesa juu ya matokeo ya mpira. Hapo sikieni vizuri: mchezo wa pesa ni kamari, hata ukiwa ndani ya telefone. Waganga wa Marekani waliiandika kamari iliyozidi katika orodha yao ya magonjwa tangu mwaka 1980. Michezo mingine ya watoto nayo inauza masanduku ambayo hujui yana nini mpaka ulipe. Mwaka 2018 wakubwa wa Ubelgiji wanaosimamia kamari walisema baadhi ya masanduku hayo ni kamari isiyoruhusiwa.

Kijana huyo hakuhitaji fimbo. Tulimpeleka kwa mganga wa magonjwa ya akili. Hakuna kidonge cha kumponya mtu na kamari mara moja. Matibabu makubwa ni mazungumzo ya mara kwa mara, na jamaa kumsaidia kushika pesa. Bado anaendelea nayo.

Mashauri

1. Usihesabu saa za kucheza tu. Tazama mchezo umekula nini: usingizi, chakula, masomo, mshahara?
2. Mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi ao zaidi, mtoto wa masomo saa 9 ao zaidi. Wakati wa kulala telefone ikae chumba kingine.
3. Mtoto asiyefika mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo. Wa miaka 2 hadi 4 asipite saa moja kwa siku.
4. Mtoto akibadilika ghafula, umlete apimwe macho, masikio na damu. Umwulize pia kama kuna anayemwonea ao jambo linalomhuzunisha.
5. Usimpe mtoto namba ya siri ya pesa za telefone.
6. Kama hukulala, mwambie mkubwa wako wa kazi kabla ya kushika usukani. Si aibu. Aibu ni kumrudisha mwenzako nyumbani juu ya machela.

Baba, kabla ya kuvunja telefone ya mtoto, njoo naye dispanseri. Na wewe uliye na zamu usiku huu, zima kioo sasa, ulale. Kazi inakungoja, na nyumbani wanakungoja urudi mzima.