Kwa Nini Hatupewi Funguo Zote za Kompyuta

Muhula huu maneno yanayosikika sana katika chumba chetu cha kompyuta ni haya: "Huna ruhusa." Mwanafunzi akitaka kuweka programu mpya, mashine yamjibu hivyo. Akitaka kufungua folda ya mwenzake, jibu ni lile lile. Wengi wamenung'unika, na wako wasemao kwamba hatuaminiwi. Nimeona yafaa niwaeleze wanafunzi wenzangu, pamoja na wazazi wetu wenye kompyuta nyumbani, maana ya jambo hili.

Sisi tukaao kwenye miteremko ya Kilimanjaro tunao mfano wa karibu. Maji ya mito ya mlima huletwa mashambani kwa mifongo, yaani mifereji ambayo wazee wetu walianza kuichimba kabla Wajerumani hawajaja. Kila mfongo una mzee wake. Mtu aweza kuchota ndoo ya maji ya kunywa, lakini hageuzi maji kuyapeleka kwenye migomba yake mpaka zamu yake ifike. Na banio kule juu halishikwi na kila mtu, kwa kuwa likibomolewa, wote walio chini hukosa maji.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Mashine zitumiazo Windows hutambua watu wa namna mbili. Wa kwanza ni msimamizi: yeye huweka na kuondoa programu za wote, hufungua akaunti za watu na hubadili kanuni za mfumo. Wa pili ni mtumiaji wa kawaida: huandika, husoma na huhifadhi kazi yake, lakini hagusi mambo ya wote. Zaidi ya hayo, kila folda ina orodha ya ruhusa, nani asome, nani aandike, nani afute. Folda ya maswali ya mwalimu twaweza kuisoma tu. Folda ya kazi zangu naifungua mimi na mwalimu.

Kisha ziko kanuni za mfumo mzima. Nywila iwe na herufi ngapi? Mtu akikosea nywila mara ngapi akaunti ifungwe kwa muda? Je, flashi ikichomekwa, programu iliyomo iruhusiwe kujiendesha yenyewe? Swali hili la mwisho si dogo. Kirusi kiitwacho Conficker, kilichoonekana mwaka 2008, kiliingia katika mamilioni ya kompyuta duniani, na flashi ilikuwa mojawapo ya njia zake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Programu ikiendeshwa, hutumia ruhusa za mtu aliyeiendesha. Kirusi kikiingia kwa mkono wa mtumiaji wa kawaida, chaweza kuharibu kazi za mtu huyo, lakini ni vigumu kwake kufikia kazi za wengine. Kikiingia kwa mkono wa msimamizi, kimepata funguo zote. Kirusi hakiulizi kama wewe ni mwaminifu. Mwaka jana sote tulitumia akaunti moja, nayo ilikuwa ya msimamizi. Flashi moja ilileta kirusi, na kazi za darasa zima zikapotea kwa siku moja. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndiyo maana hata mwalimu wetu hufanya kazi zake za kila siku katika akaunti ya kawaida, na ile kubwa huifungua panapo haja tu.

Jambo hili si geni. Katika chuo cha MIT huko Marekani, mwaka 1961 ulionyeshwa mfumo ulioitwa CTSS, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa pamoja. Watumiaji walipewa nywila na kugawiwa saa za kuitumia. Mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alipewa saa 4 kwa juma, nazo hazikumtosha. Mwaka 1962 aliiagiza mashine imchapishie faili lenye nywila za wote, nayo ikamchapishia! Ruhusa moja iliyosahauliwa ilizifanya nywila zote kuwa bure. Hapa kwetu, kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Walakini msimamizi naye ana wajibu wake. Mzee wa mfongo afungaye maji daima, naye huua migomba. Mwanafunzi asiyepata kujaribu kitu hatajifunza kitu. Kwa hiyo tunaomba kwa heshima kompyuta moja itengwe, isiyo na kazi za mtu wala isiyounganishwa na nyingine, tupate kujaribu programu humo. Ikiharibika, mfumo wake huwekwa upya, na hakuna aliyepoteza kitu.

Kwa wazazi wetu, nasema hivi. Fungueni akaunti ya msimamizi, na nywila yake mkae nayo ninyi. Kisha kila mtu wa nyumbani apewe akaunti ya kawaida iliyo yake, nanyi pia mtumie ya kawaida kila siku. Kompyuta ikiuliza kama iruhusu programu kufanya mabadiliko, someni jina la programu kwanza, msipoitambua, kataeni. Tena wekeni nakala ya kazi zenu mahali pengine, kwani ruhusa hazizuii diski kufa.

Kanuni yenyewe ni fupi: kila mmoja apewe ruhusa zitoshazo kazi yake, wala zisizidi. Kazi zetu za mtihani zimo katika mashine zile. Tukizilinda sasa, tutazikuta siku tutakapozihitaji.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne