Pedi Haina Sauti

Mtu anayenunua mashine ya pedi za kugongea midundo kwa mara ya kwanza huichomeka kwenye kompyuta, akagonga, na asisikie kitu. Haraka hudhani ameuziwa mbovu. Lakini mashine nyingi za bei nafuu hazina sauti ndani yake. Kinachopita kwenye waya wa USB ni namba tu, kwa utaratibu wa MIDI uliotangazwa mwaka 1983 ili ala za watengenezaji mbalimbali ziweze kuelewana. Ukigonga, namba moja hueleza umegonga wapi, nyingine umegonga kwa nguvu gani. Sauti yenyewe hutoka kwenye programu. Kwa hiyo kazi ya kuandaa mashine ni kushughulikia mambo matatu: namba, nguvu na muda.

Tuanze na namba. Mpangilio wa pedi 16, nne kwa nne, ulipata umaarufu kupitia Akai MPC60 ya mwaka 1988, iliyobuniwa na Roger Linn. Katika utaratibu wa General MIDI, namba 36 ni kiki, 38 sneya, 42 haihati iliyofungwa na 46 iliyo wazi. Programu ikiwa imeweka kiki kwenye 36 huku pedi inatuma 48, utapata kimya au mlio usioutarajia. Kwanza hakikisha programu imeitambua mashine, kisha gonga pedi moja moja na uipe kila moja mlio wake. Haihati mbili ziweke kundi moja la kukatizana, ili iliyofungwa ikigongwa iinyamazishe iliyo wazi, kama inavyokuwa kwenye ngoma halisi.

Nguvu hupimwa kuanzia 1 hadi 127. Gonga sneya kwa ncha ya kidole, ongeza taratibu hadi mwisho, huku ukitazama namba zinazoingia. Zikiwa zote 127, huenda umewasha kitufe kinacholazimisha kila pigo litoke kwa nguvu kamili, kizime. Mapigo mepesi yakipotea, punguza kiwango cha chini ambacho pedi inaanza kuhesabu pigo. Ukigonga moja na jirani yake ikalia, kipandishe. Kama unalazimika kutwanga ndipo ufike juu, badilisha mkunjo wa nguvu, yaani mpangilio unaoamua pigo la kidole litoe namba gani, badala ya kuumiza vidole. Hatua hii usiiruke: mapigo hafifu kati ya mapigo makubwa ndiyo yanayoufanya mdundo utembee.

Muda ndio unaosumbua zaidi. Kompyuta hukusanya sauti kidogo kidogo kwenye bafa kabla ya kuitoa. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1,024 peke yake inachelewesha mlio kwa milisekunde 23 hivi. Ya 256 ni karibu 6. Wakati wa kurekodi anza na 256 au 128. Sauti ikianza kukwaruza, kompyuta imeelemewa: panda hatua moja. Unapofika kwenye kuchanganya sauti, bafa kubwa haina ubaya. Kwenye Windows, tumia draiva ya ASIO ili kupunguza kuchelewa huko.

Hedifoni za Bluetooth ziweke kando. Kuchelewa kwake mara nyingi huzidi milisekunde 100. Muziki wa singeli ukienda mapigo 200 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 75 tu. Mlio utakufikia wakati kidole tayari kiko kwenye pigo linalofuata. Waya wa kawaida unamaliza tatizo hilo.

Ukisharekodi, utashawishika kubonyeza amri ya kunyoosha mapigo yote. Angalia kwanza gridi, yaani mgawanyo wa pigo ambao programu inavutia mapigo yako. Ngoma ya chakacha ya Pwani hugawa pigo kwa tatu. Ukiinyoosha kwa gridi ya nne, unaipeleka kwenye mdundo mwingine kabisa. Chagua gridi ya tatu, kisha nyoosha kwa nusu tu: programu nyingi hukuruhusu kuweka asilimia 50 badala ya 100. Pigo lililopotea njia litarudi, na lile ulilolichelewesha kwa makusudi litabaki na ladha yake. Mwisho, hifadhi mpangilio wote kama kiolezo, ili siku wazo la biti likikujia uanze kugonga, si kurekebisha.