Risasi kuingia si kusema inaenea

Hapa kwetu Bambu udongo unaficha dhahabu, unaficha na masasi. Vita vya 1999 mpaka 2003, kisha vile vilivyorudi Djugu mwisho wa 2017, viliacha masasi kwenye mashamba na njiani, hata kwenye udongo tunaoosha. Siye wa sendika tunasikia vijana wanasema: «Jaribu tu, kama imeingia, inaenea.» Neno hilo linaweza kumaliza vidole vya mutu.

Bunduki ya kalibre 12, ile ya wawindaji wetu, njo inadanganya sana. Chumba chake cha kartushi kinaweza kuwa cha milimita 65, 70 ama 76. Kartushi ya 76 inaingia vizuri katika chumba cha 70, kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Ikipigwa, mdomo unafunguka, unakosa nafasi na kubana njia. Nguvu inapanda kupita kiasi, inatafuta pa kutokea, na uso wa mwenye bunduki uko pale karibu. Kartushi ya kalibre 20 nayo inateleza ndani ya mtutu wa 12 na kukwama mbele. Mutu anaona chumba kitupu, anatia ya 12 nyuma yake! Njo maana viwanda vingi vinaipaka ya 20 rangi ya njano.

Tupime hiyo nguvu. Pneu ya moto tunajaza bar 2 hivi. Kartushi ya kawaida ya kalibre 12 inaruhusiwa kufika bar 740. Ya kalashi, bar 3.550. Kule Liège, Ubelgiji, bunduki inajaribiwa kwanza na kartushi yenye nguvu kupita kawaida, kisha inagongwa muhuri. Bunduki ya kufua kwa tiyo ya maji, nani aliijaribu? Anayeijaribu ni yule anayeiweka begani.

Mama zetu wanaotwanga mawe, hili linawahusu hata kama hamujashika bunduki maisha yenu. Risasi iliyojificha ndani ya mfuko wa changarawe, nyundo ikigonga nyuma yake, inaweza kulipuka. Katika moto wa takataka pia. Pale haina mtutu wa kuisukuma mbali, lakini ganda linapasuka vipande, na jicho ni kitu laini. Kabla ya kutwanga, mwageni mfuko chini, mutazame.

Mukiiona, musiiokote, musiisafishe, batoto wasiichezee. Wekeni alama pembeni, mupashe kiongozi wa karieri. Tena tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège: raia akikutwa na masasi mufukoni anaweza kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi, hata akisema aliokota tu.

Lakini mchimbaji atasema vipi, kama kusema ni kupoteza siku? Tunaomba ma-PDG wa mashimo: kazi ikisimama kwa sababu ya masasi, siku hiyo isikatwe kwa hesabu ya wachimbaji.