Rekodi ya Njia Ndefu: Nani Alikuona?





Jioni moja baada ya sala ya alasiri, wanafunzi wawili walikuja madrasa wakihema na kubishana. Walikuwa wamewekeana mashindano ya kukimbia kutoka Forodhani kwa njia ya pwani, wapite Mizingani na Malindi, wazunguke mpaka Darajani. Saa ya mkononi ilikuwa moja tu, kwa hiyo walikimbia kwa zamu. Wa pili alileta muda mfupi mno, mwenzake akakataa kuukubali.

"Nani alikuona?" akamuuliza.

"Saa imeniona," akajibu.

Watu walicheka, lakini suali lile ni zito kuliko lilivyoonekana. Wapo watu wazima duniani wanaokwenda njia ndefu sana, msituni na milimani, wakitaka kuzimaliza kwa muda mfupi kuliko yeyote aliyewatangulia. Hakuna uwanja, hakuna watazamaji, na mara nyingi hakuna hata mwamuzi. Je, wanafanyaje? Nani anawaamini? Na sisi tuna la kujifunza kwao? Makala hii itajaribu kueleza, inshaallah.

REKODI YA NJIA NI NINI?

Katika mbio za kawaida, wakimbiaji huanza pamoja, na waamuzi wapo tangu mwanzo hadi mwisho. Rekodi ya njia ni tofauti. Mtu huchagua siku yake, husimama mwanzo wa njia inayojulikana, huanza kuhesabu muda, na hesabu haisimami mpaka afike mwisho. Akila, muda unakwenda. Akilala, muda unakwenda. Akiumwa na mguu akakaa chini ya mti, muda unakwenda vilevile.

Wamarekani wawili, Buzz Burrell na Peter Bakwin, ndio waliojulikana sana kwa kuzikusanya na kuziorodhesha rekodi hizi. Wao hawasemi "rekodi ya dunia". Wanasema "muda mfupi kabisa unaojulikana". Angalieni neno hilo la mwisho. Maana yake ni kwamba huenda yuko mtu aliyepita kwa kasi zaidi, ila hakuna aliyeandika. Nasi tuna mfano wetu. Katika karne ya 19 wapagazi wa misafara walitoka pwani ya Bagamoyo wakaenda kwa miguu hadi Ujiji, safari ya miezi, na mizigo vichwani na mabegani. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote, seuze muda wao.

Rekodi hizi zimegawiwa mafungu matatu. La kwanza ni la mtu anayesaidiwa, yaani ana watu wanaomngojea njiani na chakula, maji na viatu vya kubadilisha. La pili ni la mtu anayejihudumia mwenyewe: hana kundi lake, lakini anaruhusiwa kununua chakula madukani kama msafiri yeyote. La tatu ni la mtu asiyesaidiwa kabisa. Huyu hubeba kila kitu chake tangu mwanzo, isipokuwa maji anayoyachota njiani.

MFANO WA KWETU: KILIMANJARO

Hapa Tanzania rekodi za namna hii zinazojulikana zaidi ni za Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895. Njia yake si ndefu sana kwa kilomita, lakini ni ndefu kwa kupanda. Mgeni wa kawaida huchukua siku tano hadi nane kupanda na kushuka.

Simon Mtuy, mzaliwa wa miteremko ya mlima huo na mwongoza wageni kwa kazi yake, aliuchukulia mlima huo kwa namna nyengine. Mwaka 2004 alipanda na kushuka kwa saa 8 na dakika 27. Tarehe 22 Februari 2006 akarudi, safari hii bila msaada, chakula chake, maji yake na nguo zake akizibeba mwenyewe. Alitumia njia ya Umbwe, ambayo ni fupi lakini ni kali kwa mwinuko. Akapanda na kushuka kwa saa 9 na dakika 21.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: mbona wa pili ni muda mrefu zaidi, na bado ukaitwa rekodi? Jawabu liko katika yale mafungu. Aliyebeba mzigo wake hapimwi kwa kipimo cha aliyebebewa.

Baadaye walikuja wengine. Mwaka 2010 Kilian Jornet wa Hispania alipanda na kushuka kwa saa 7 na dakika 14. Tarehe 13 Agosti 2014 Karl Egloff, mwongoza wageni wa milimani kutoka Ecuador, akaupunguza muda huo hadi saa 6 na dakika 42.

UREFU WA UNGUJA KILA SIKU

Huko Marekani iko njia ya miguu iitwayo Appalachian Trail, inayopita milimani na misituni kutoka jimbo la Georgia hadi jimbo la Maine. Urefu wake ni takriban kilomita 3,500. Msafiri wa kawaida huimaliza kwa miezi mitano hadi saba.

Mwaka 2011 mwanamke aitwaye Jennifer Pharr Davis aliimaliza kwa siku 46 na saa 11, akisaidiwa na mumewe aliyekuwa akimngojea njiani. Jambo la ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya njia hakukimbia. Alitembea, ila alianza mapema na kuacha usiku, siku baada ya siku. Mwaka 2018 Karel Sabbe wa Ubelgiji alitumia siku 41 na saa 7. Mwezi wa Septemba 2024 Tara Dower akaimaliza kwa siku 40 na saa 18, na mama yake mzazi alikuwamo katika kundi la wasaidizi wake.

Tujaribu kulielewa jambo hili kwa hesabu ya nyumbani. Kilomita 3,500 ukizigawa kwa siku 40 na ushei, unapata kilomita 86 hivi kwa siku. Kisiwa chetu cha Unguja, kutoka Nungwi kaskazini hadi ncha ya kusini, kina urefu wa kilomita 85 hivi. Basi ni kama mtu atembee urefu wote wa Unguja leo, na kesho tena, na keshokutwa tena, kwa siku arubaini, juu ya milima na mabonde.

HARAKA INAYOJENGWA POLEPOLE

Waongozaji wa Kilimanjaro huwaambia wageni wao neno moja tangu getini: polepole. Je, wanaokimbia hawakulisikia? La, wamelisikia kuliko wengine.

Hapa Forodhani tuko usawa wa bahari. Huko kileleni mkandamizo wa hewa ni karibu nusu ya wa hapa, na kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni tuliyoizoea. Mwili unaweza kujizoesha, lakini unahitaji siku. Hupumua kwa kasi zaidi, na kadiri muda unavyokwenda huongeza chembe nyekundu za damu zinazobeba oksijeni. Kwa sababu hiyo wanaoweka rekodi huishi au hufanya mazoezi milimani kwanza, wakapanda taratibu na kushuka. Mtuy aliujua mlima kwa miaka ya kazi kabla ya siku ile ya saa tisa. Sisi tunaona saa tisa tu, hatuoni miaka.

Asiyejizoesha akaharakisha, mlima humwadhibu. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi. Akipuuza na kuendelea kupanda, maji yanaweza kujaa kwenye mapafu, au ubongo ukavimba, na hayo huua. Dawa kubwa ni moja: kushuka haraka. Kuna watu wenye nguvu na mazoezi ya miaka walioona dalili hizo wakageuka karibu na kilele. Huko si kushindwa. Dini yetu imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizi, na mwili ni amana kama mali ya yatima ilivyo amana.

MBIO KATIKA MAFUNDISHO YETU

Wazee wengine hudhani mbio ni mchezo usio na maana. Lakini imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), Bi Aisha akamshinda, na baada ya muda wakashindana tena, Mtume (S.A.W.) akamshinda, akamtania kuwa hiyo ni badala ya ile ya mwanzo. Vilevile sahaba Salama bin Al-Akwa (R.A.) alikuwa mkimbiaji hodari, aliyewafukuza kwa miguu wavamizi waliopora ngamia. Waliporudi, mtu mmoja wa Ansari alitaka mshindani wa mbio hadi Madina. Salama hakutoka mbio papo hapo. Aliomba ruhusa kwa Mtume (S.A.W.) kwanza, kisha akakimbia, akashinda. Adabu ilitangulia kasi.

NANI SHAHIDI?

Sasa turudi kwenye suali la mwanafunzi wetu. Anayedai rekodi leo hutakiwa kuleta ushahidi. Hutangaza mapema kwamba atajaribu. Huvaa saa inayopokea mawasiliano ya setilaiti na kuandika kila alipopita na kwa dakika gani. Hupiga picha, na hutaja watu aliokutana nao. Hueleza pia amesaidiwa wapi, hata kama ni kikombe kimoja cha maji.

Hata hivyo, kifaa hakioni kila kitu. Saa inaweza kuonesha kwamba mtu amepita katika njia, lakini haioneshi ni nani aliyembebea mkoba. Mwisho wa yote, rekodi ya njia imesimama juu ya neno la aliyepita. Wenzake wanamwamini kwa sababu wanajua alivyo katika mambo mengine. Akibainika kusema uongo mara moja, hata zile za kweli alizofanya zitatiliwa shaka.

SISI TUFANYE NINI?

Si lazima twende Kilimanjaro. Chagueni njia moja mnayoijua, kwa mfano kutoka Forodhani hadi Bububu, mkifuatana na mtu mzima na kwa idhini ya wazee. Tokeni asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kabla ya gari kuwa nyingi na jua kuwa kali. Chukueni maji. Andikeni tarehe, muda wa kuondoka na wa kufika, na kila mahali mliposimama. Baada ya mwezi wa mazoezi, rudieni njia ile ile. Shindana na daftari lako kabla hujashindana na mwenzako.

Ama wale wanafunzi wawili, ubishi wao haukuisha jioni ile. Siku ya pili, baada ya darasa, yule wa pili alibaki nyuma wenzake walipotoka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba hakufika Malindi. Alikata vichochoroni, akapita Hurumzi na Kiponda, akatokea Darajani. Hakuna mtu aliyemjua njiani. Nikamuuliza, basi kwa nini unaniambia? Akasema, "Ustadhi, usiku nilikuwa nikiona kama saa ile inanitazama."

Alikwenda kwa mwenzake akafuta muda wake, wakakimbia upya wiki iliyofuata, njia nzima. Alishindwa, tena kwa mbali. Lakini muda aliouandika siku hiyo ni wake, na akiulizwa nani alimwona, anajua la kujibu.