Ngoma Inapolia Kabla ya Kupigwa

Tarehe 9 Julai 2011, Sudani Kusini ilipotangaza uhuru wake mjini Juba, bendera ilipandishwa mara moja tu. Harusi nayo ni vivyo hivyo: hairudiwi kwa ajili ya mpiga picha. Ndiyo sababu wengi hutumia kamera mbili au tatu. Lakini wakati wa kuziunganisha picha, ngoma huweza kulia kabla mkono haujaigusa.

Kwanza lichunguzwe kosa lenyewe. Ikiwa sauti na picha zapishana kwa kiasi kile kile tangu mwanzo hata mwisho, yatosha kuisogeza picha ya kamera moja mpaka zilingane. Ikiwa tofauti yazidi kukua, huenda simu mojawapo imekuwa ikibadili kasi ya picha. Hapo faili yake igeuzwe iwe na kasi moja isiyobadilika, mathalani picha 25 kwa sekunde, kabla ya kuhariri. Kompyuta ikikwama, zitumiwe nakala nyepesi, na picha za asili zirudishwe mwishoni.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kamera zote ziwekewe kasi moja, zisizimwe katikati ya sherehe, na mtu mmoja apige kofi mbele yake. Kofi hilo ndilo alama ya kuzilinganishia.