Anayemngoja mgonjwa naye ashikwe mikono



Katika parokia yetu moja kulikuwa na baba ambaye figo zake zote mbili zilikufa. Juma la kwanza nyumba yake ilijaa watu. Kwaya iliimba, wamama walileta unga na makala, nasi wachungaji tuliomba kwa sauti kubwa. Mwezi wa tatu tulipopita tena, tulimkuta mke wake amekaa mlangoni peke yake, akihesabu pesa za usafiri wa kesho. Akatuambia: “Baba Mchungaji, ninyi mnakuja kumwombea yeye. Mimi, nani ananiuliza kama nimelala?” Hatukuwa na la kumjibu. Leo tunajaribu kumjibu, ingawa tumechelewa.

Wanangoja nini?

Figo ndizo zinazochuja damu na kutoa uchafu na maji ya ziada kwa njia ya mkojo. Zikifa, na mara nyingi chanzo ni shinikizo la damu au kisukari cha miaka mingi, uchafu hubaki mwilini. Hapo mgonjwa hutegemea dializi, yaani mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa juma, karibu masaa manne kila mara. Mashine haiponyi figo, bali inamwongezea mtu siku. Wengi wanaoweza kufanyiwa upasuaji hungoja kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Upasuaji wa kwanza uliofaulu ulifanyika Boston, Marekani, mwaka 1954, pacha mmoja alipompa mwenzake figo.

Kwetu mashariki mwa Kongo, safari hiyo inavuka mipaka. Wengi wameenda India, wengine Nairobi, na tangu mwaka 2023 upasuaji huo unafanyika Kigali pia. Kwa hiyo mgonjwa anangoja mtoaji anayepatana naye, tena anangoja pasipoti, viza, vipimo na dola. Miezi yote hiyo yeye ana daktari na muuguzi. Mwenzi wake ana nani?

Mzigo usioonekana

Tuanze na jikoni. Figo zilizokufa hazitoi vizuri chumvi wala potasiamu, na potasiamu ikizidi katika damu moyo unaweza kusimama ghafula. Ndiyo maana ndizi, maharagi, viazi na sombe vinapimwa jinsi daktari alivyoagiza. Hata maji ya kunywa yanapimwa. Ni mke anayepaswa kumwambia bwana wake “basi, inatosha,” na ni yeye anayeonekana mchoyo mbele ya wageni. Ukitaka kupeleka chakula, muulize yeye kwanza, kwa maana makayabu yako, hata ukiyaleta kwa upendo, yanaweza kumrudisha mgonjwa hospitalini.

Halafu kuna maneno ya watu. Tumesikia jamaa wakinong'ona kwamba mke ndiye “aliyemla” mumewe. Neno hilo linaua. Ugonjwa wa figo una sababu zake zinazopimwa hospitalini, na mchungaji anaposikia shutuma ya namna hiyo asinyamaze, hata kama anayesema ni mzee wa kanisa.

Liko pia jambo ambalo wenzi wengi hawathubutu kutuambia. Mgonjwa huchoka, hukasirika upesi, na kitanda cha ndoa hupoa. Siku nyingine anayemtunza hutamani mambo yote yaishe, kisha anajihukumu usiku kucha. Ndugu, dada, wazo hilo halikufukuzi kwenye meza ya Bwana. Ni kilio cha mtu aliyechoka. Mwambie mtu unayemwamini.

Figo ni zawadi

Mtu mwenye afya nzuri anaweza kuishi na figo moja, na mke anaweza kumpa mumewe, au mume mkewe, kama vipimo vinaruhusu. Lakini zawadi inayolazimishwa imekwisha kuwa kodi. Mwenzi asiyepatana na mgonjwa, au anayeogopa kisu, asihukumiwe kwamba hapendi. Tusisimame madhabahuni kuita watoaji, wala tusiwasukume watoto. Anayefikiria kutoa azungumze na daktari peke yake, jamaa wakiwa nje. Na asiwepo wa kununua figo: sheria ya India ya mwaka 1994 inakataza biashara hiyo, na kwa Mkristo mwili wa maskini si soko.

Tufanye nini?

Tunaamini kwamba Mungu anaponya, na tunaomba. Lakini mtu yeyote, hata akijiita nabii, akimwambia mgonjwa aache mashine ili aonyeshe imani, anamwua. Ambaye figo zake hazifanyi kazi tena, akiacha dializi, kwa kawaida hufa katika siku au majuma machache. Tumwombee akiwa njiani kwenda kwenye mashine.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 17, mikono ya Musa ilipokuwa mizito, Haruni na Huri walimketisha juu ya jiwe, wakaishika mpaka jua lilipotua. Hawakumhubiria juu ya uvumilivu. Nasi tugawane siku. Jumatatu mzee mmoja ampeleke mgonjwa dializi, ili mke alale. Jumatano kikundi cha wamama kiangalie watoto. Ijumaa kijana mmoja akae hospitalini. Michango ishikwe na watu watatu, iandikwe daftarini, na hesabu isomwe mbele ya jamaa, ili mke asishukiwe kamwe. Na tusisahau kwamba hata baada ya upasuaji kuna dawa za kumeza kila siku, ili mwili usiikatae figo mpya. Akizikosa anaweza kuipoteza. Msaada wetu usiishie uwanja wa ndege.

Yule mama bado anangoja pamoja na mumewe. Siku hizi tukifika kwake tunamsalimu yeye kwanza, tunamwuliza kama amelala, na tunakaa mpaka ajibu. Jumapili hii, mtafuteni aliye kama yeye katika kanisa lenu. Huenda ameketi kiti cha nyuma, karibu na mlango, kwa sababu simu inaweza kulia wakati wowote.

Neema ya Bwana iwe nanyi.