Mwezini Aende Nani: Mtu au Mashine?

Kuna mjadala ambao wataalamu wa nchi kubwa wanauvuta huku na huku kwa zaidi ya miaka 60 sasa, nasi watu wa mwambao huusikia kwa mbali kana kwamba hautuhusu. Wauliza hivi: katika safari za anga za juu, apelekwe binadamu mwenye roho na damu, au ipelekwe mashine ifanye kazi yote, na binadamu abaki nchi kavu akingoja habari? Mimi naona jambo hili latuhusu, tena sana, na leo nataka kueleza kwa nini.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea mlangoni petu. Kaskazini ya Malindi, baharini mkabala wa Ngomeni, Wataliani walisimamisha majukwaa ya chuma katika miaka ya sitini. Walipachagua pale kwa kuwa ni karibu na mstari wa ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupanda. Baina ya mwaka 1967 na 1988 roketi zilirushwa kutoka bahari ile. Mojawapo iliondoka tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, ikiwa imebeba setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Ndani ya Uhuru hamkuwa na mtu. Hata hivyo ilikuwa setilaiti ya kwanza ulimwenguni kuundwa mahsusi kwa kutazama miale ya eksirei itokayo mbinguni, miale ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. Iligundua zaidi ya vyanzo 300 vya miale hiyo, na habari zake zilisaidia kuwaonyesha wanachuoni kwamba yale mashimo meusi waliyokuwa wakiyakisia katika hesabu zao huenda yako kweli. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ile, alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Basi elimu yote hiyo ilianzia katika maji yetu, wala hapana mtu aliyehatarisha roho yake kwa kupanda.

Wanaoitetea mashine wana hoja nzito. Chombo kiitwacho Voyager 1 kiliondoka mwaka 1977, kikapita Mushtarii, kikapita Zohali, na mwaka 2012 kikatoka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa jua letu. Hakikuomba maji wala chakula, na hakuna aliyeahidiwa kwamba kitarudi. Binadamu huwezi kumtuma hivyo. Yeye ataka hewa, ataka maji, ataka kukingwa na miale yenye madhara, na juu ya yote ataka kurudi kwa watu wake.

Na si wote waliorudi. Mwaka 1971 Warusi watatu wa chombo cha Soyuz 11 walishuka duniani wakiwa maiti, kwa kuwa hewa iliwatoroka njiani. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Challenger kilivunjika angani muda mfupi baada ya kuondoka, na tarehe 1 Februari 2003 Columbia kikasambaratika kikirejea. Kila kimoja kilikuwa na watu saba. Linganisha na yaliyotokea Agosti 2023, pale chombo cha Urusi Luna 25 kilipoanguka mwezini kikavunjika. Warusi walipoteza chombo na fedha, lakini hakuna mke aliyekaa eda. Siku chache baadaye, tarehe 23 mwezi ule ule, Wahindi wakatua mwezini salama na chombo chao Chandrayaan-3, nacho pia hakikuwa na mtu.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu, kwani upande wa pili nao una ya kusema. Desemba 1972 Wamarekani wawili wa Apollo 17, mmoja wao mjuzi wa mawe, walikaa mwezini siku tatu tu. Katika siku hizo waliendesha gari lao yapata kilomita 35, wakaokota mawe na udongo wa kilo 110. Gari liitwalo Opportunity, lililofika Mirihi mwaka 2004 bila ya dereva, lilichukua zaidi ya miaka 11 kwenda kilomita 42. Sababu ni kwamba amri kutoka duniani huchukua baina ya dakika 3 na 22 kufika kule, na jawabu huchukua muda kama huo kurudi. Mtu aliyepo papo hapo aona, aamua, ainama, aokota.

Gari jingine, Spirit, lilikwama katika mchanga wa Mirihi mwaka 2009. Wahandisi walihangaika miezi kulikwamua kwa amri za mbali, lisitoke, na Machi 2010 likanyamaza. Baharia yeyote ajua kwamba dau likipanda fungu, watu hushuka wakalisukuma. Kule hapakuwa na wa kushuka.

Iko na habari ya darubini ya Hubble, iliyopelekwa juu mwaka 1990 ikaonekana kioo chake kimechongwa kwa kosa dogo sana, dogo kuliko unene wa unywele. Desemba 1993 wanaanga walitoka nje ya chombo chao mara tano wakaitia vifaa vya kuisahihisha, kama mtu avishwavyo miwani. Mashine za wakati ule hazingeweza kazi hiyo.

Tena liko jambo ambalo sisi Waislamu tumeliona kwa macho yetu. Juni 1985 Sultan bin Salman wa Saudia alipanda katika chombo cha Discovery siku za mwisho za Ramadhani, na Idi ikamkuta huko huko juu. Oktoba 2007 alipanda Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia, na maulamaa wa nchi yake wakakaa wakaandika mwongozo: vipi mtu atajua nyakati za sala ilhali jua humchomozea kila saa moja na nusu, na ataelekea wapi? Wakasema aelekee Kaaba akiweza, au usawa wake huko juu, au dunia yenyewe, na akishindwa kabisa, popote awezapo. Mashine haiulizi kibla iko wapi. Ni binadamu tu abebaye dini yake na maswali yake kila aendako, na kwa hayo elimu ya walio chini nayo hupanuka.

Sasa mimi nasimama wapi? Manahodha wetu wa zamani, wakikaribia mlango wasioujua, hawakuupeleka jahazi kwa pupa. Walitupa bildi kwanza, kile kipande cha risasi chenye kamba, wapime kina. Bildi haikuwa badala ya nahodha, wala nahodha hakuona haya kuitanguliza. Nami nasema mashine itangulie kila pahali, na kule mbali kabisa iende peke yake. Mtu afuate pale tu penye kazi isiyowezekana ila kwa mkono na jicho lake, na njia ya kurudi iwe imekwisha kupimwa. Kumpeleka kwa ajili ya kupeperusha bendera tu, hilo silikubali.

Watu wa Imarati wamefanya kama hivyo. Chombo chao kiitwacho Amal, yaani Matumaini, kilifika Mirihi Februari 2021 bila ya mtu. Mwanaanga wao Sultan Al Neyadi alikaa miezi sita mwaka 2023 katika kituo cha kimataifa, ambacho ni yapata kilomita 400 tu juu yetu.

Na kwetu hesabu ni nyepesi zaidi. Setilaiti ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiliwa angani Mei 2018, ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Taifa-1, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Wabulgaria ili itupigie picha za mashamba na mazingira, ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023, lakini kutoka California, si kutoka Ngomeni. Hilo ndilo liniumalo. Bahari tunayo, ikweta tunayo, na vijana tunao. Kijana wa Lamu au Malindi asidhani mlango wa anga ni wa yule avaaye vazi la mwanaanga peke yake. Aliyeiunda Uhuru hakupanda nayo. Alikaa na hesabu zake hapa hapa duniani. Basi wazazi na walimu, tusiwaachie watoto wetu wayakimbie masomo ya hesabu na sayansi.

Haya ndiyo niyaonayo mimi, na mwenye rai nyingine naye ana haki ya kuitoa.